Nyumba ya mapumziko ya familia kando ya ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ramani yake

Familia nyingi huja kwangu zikiwa na picha moja kichwani: ukuta mzima wa vioo, maji yanaanzia kizingitini, jua linazama. Ni picha nzuri, lakini ni ya dakika kumi za jioni moja. Nyumba yenyewe itakaliwa na bibi mwenye magoti yanayouma, watoto saba waliolowa, mvua ya siku tatu mfululizo na mbu. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya nyumba hiyo. Utaona narudia shauri moja kwa sura nyingi: rudi nyuma kidogo, ziwa lipate nafasi yake na nyumba ipate yake.

Nyumba ikae umbali gani kutoka kwenye maji?

Anza na sheria ya mahali kiwanja kilipo. Nchi nyingi zina ukanda wa hifadhi kando ya maziwa ambao hauruhusiwi kujengwa, na upana wake hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, hata kati ya ziwa na ziwa. Ulizia mamlaka za ardhi na za mazingira kabla hujamlipa mchora ramani. Ila usidhani kwamba ukishatimiza umbali wa kisheria umemaliza. Sheria haikijui kiwanja chako.

Ziwa halitulii mahali pamoja. Hupanda na kushuka kwa majira ya mwaka, na zaidi ya hapo hupanda na kushuka kwa miongo. Maziwa Michigan na Huron ya Amerika ya Kaskazini, ambayo maji yake hukaa kimo kimoja kwa sababu yameungana, yalifika juu kabisa mwaka 1986 na chini kabisa Januari 2013; tofauti ni karibu mita 2. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na mwaka 2020 likarudi kwenye kimo kile kile na kuingia majumbani mwa watu waliojenga mahali walipopaona pakavu tangu utoto wao. Na mita 2 za kwenda juu si mita 2 za ardhi. Kama ufuko unateremka mita 1 kwa kila mita 20, maji yakipanda mita 2 yanakufuata mita 40 nchi kavu.

Kwa hiyo usipime kwa futi kamba kuanzia mstari wa maji wa leo. Tafuta mstari wa zamani. Angalia takataka kavu za mawimbi zilizokwama vichakani, mabua na magamba ya konokono. Angalia doa kwenye mawe na kwenye mashina ya miti. Waulize wavuvi wazee maji yaliwahi kufika wapi na mwaka gani. Juu ya kimo hicho ongeza mawimbi. Ongeza pia upepo, kwa kuwa upepo mkali ukivuma saa nyingi kutoka upande mmoja huyasukuma maji yajilundike upande wa pili. Ziwa Erie, nalo la Amerika ya Kaskazini, ambalo kina chake ni kifupi, limepata kutofautiana zaidi ya mita 2 kati ya ncha zake mbili kwa sababu hiyo. Sakafu yako ya chini iwe juu ya hesabu hiyo yote.

Mbona wasanifu mashuhuri walijenga karibu kabisa na maji?

Walijenga, na maji yakawajibu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni nyumba ndogo ambayo Le Corbusier aliwajengea wazazi wake huko Corseaux, Uswisi, mwaka 1923 na 1924, mita chache tu kutoka Ziwa Geneva. Ina takribani mita za mraba 64, ndefu na nyembamba kama behewa, na mama yake aliishi humo hadi mwaka 1960. Ni nyumba ya mafunzo mengi, na tangu 2016 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini ziwa lilipopanda na kushuka chini ya msingi wake, kuta zilipasuka, na baadaye upande unaotazama maji ulivikwa mabati ya alumini. Ukiyaona yale mabati usidhani ni pambo la ujana wake. Ni bandeji.

Ukuta wote unaotazama ziwa uwe wa vioo?

Hapana, na nitaeleza kwa kirefu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kwanza, macho huchoka. Kitu kinachoonekana kutoka kila kiti, kila saa, hugeuka kuwa ukuta wa rangi ya samawati. Katika nyumba ile ile ya Corseaux kuna dirisha moja la mlalo lenye urefu wa mita 11, ambalo linatosha kulionyesha ziwa lote ukiwa ndani. Lakini nje, bustanini, Le Corbusier alijenga ukuta ukazuia ziwa, kisha akatoboa tundu moja la mraba na kuweka meza mbele yake. Unakaa mezani, unatazama tunduni, na kipande kile cha maji na milima kinakuwa kikubwa kuliko ziwa zima. Alilizuia ziwa ili lionekane. Mimi hujaribu kufanya hivyo katika kila ramani: dirisha kubwa moja sebuleni, dirisha dogo la chini kando ya kitanda, tundu mwishoni mwa korido ambalo hukulitarajia.

Pili, kuna mwanga unaotoka chini. Watu hujua kujikinga na jua la juu kwa kurefusha paa. Kando ya ziwa jua huja mara mbili, kutoka angani na kutoka majini, na paa refu halizuii linalotoka majini hata kidogo. Jua likiwa utosini, maji tulivu hurudisha takribani asilimia 2 tu ya mwanga wake. Likishuka hadi nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, hurudisha karibu theluthi moja. Ndiyo maana nyumba inayotazama ziwa upande wa machweo huwa tamu saa kumi, na saa kumi na moja na nusu kila mtu amegeuza kiti chake na kulipa ziwa kisogo. Dawa yake ni vitu vya wima: mbao nyembamba zinazosukumwa pembeni, shata, mti wenye matawi ya chini, pazia la nje. Mwanga huo huo wa majini una zawadi yake pia. Ukiingia kwa kiasi hucheza darini kama nyoka wa dhahabu, kwa hiyo dari ya sebule iwe nyeupe na isijazwe taa.

Tatu, ndege hawaoni kioo. Huona miti na anga vilivyoakisiwa humo, hujigonga na kufa. Kama lazima kioo kiwe kikubwa, chagua chenye vitone au mistari upande wa nje, isiyoachana zaidi ya sentimita 5. Baada ya wiki moja wenye nyumba huacha kuviona.

Dirisha lianzie kimo gani?

Kaa kwenye kiti, mwombe mtu apime kutoka sakafuni hadi machoni pako. Utapata kati ya mita 1.1 na 1.25. Sasa angalia ramani yako: je, kuna fremu ya mlalo inayopita hapo? Je, reli ya baraza, ambayo kwa usalama huwa na kimo cha mita 1 hadi 1.1, inaukata mstari wa maji mtu akiwa amekaa ndani? Sentimita chache tu hugeuza mandhari ya thamani kubwa kuwa mandhari ya ubao. Kizingiti cha dirisha la sebuleni kikiwa sentimita 40 hadi 50, mtoto mdogo naye ataona, na mtu mzima atapata pa kuketi. Kwa reli, shusha sakafu ya baraza ngazi moja au mbili chini ya sakafu ya ndani, na tatizo huisha.

Tuweke vyumba vingapi vya kulala?

Vichache kuliko mnavyofikiri, vitanda vingi kuliko mnavyofikiri. Hesabu usiku wa msongamano mkubwa kuliko wote katika mwaka, kisha hesabu usiku wa kawaida. Kwa familia nyingi jibu ni watu 14 na watu 4. Ukimpa kila mtu chumba, siku za watu 4 utakuwa unafagia hoteli.

Mpangilio ninaouamini ni huu. Vyumba viwili vya watu wazima, kimoja kikiwa chini na mlango wake usiwe na ngazi, kwa ajili ya wazee leo na kwa ajili yenu kesho. Kisha chumba kimoja cha vitanda vya ghorofa kwa watoto wote. Chumba cha mita 2.6 kwa 3.6 huchukua vitanda viwili vya ghorofa, yaani watoto wanne, na njia katikati. Dari isipungue mita 2.4, ili wa juu aweze kukaa kitako bila kugonga kichwa. Kila kitanda kipewe taa yake, rafu ya ukubwa wa kitabu, na soketi. Mtoto anayekuja likizo mara moja kwa mwaka hukumbuka kitanda chake miaka thelathini baadaye, na ni kwa sababu ya ile rafu aliyowekea mawe aliyookota ufukweni.

Darini panaweza kuongezwa mahali pa magodoro, lakini kwa sharti moja nisilolilegeza: pawe na njia ya pili ya kutokea, dirisha linalofunguka na linalompitisha mtu mzima, na king'ora cha moshi. Watu wanaolala wengi mahali pamoja, ndani ya nyumba ya mbao, wasiwe na ngazi moja tu kati yao na hewa safi.

Sebule iwe kubwa kiasi gani?

Usianze na sebule, anza na meza. Kila mlaji anahitaji sentimita 60 za ukingo wa meza. Watu 10 wanataka meza ya takribani mita 2.4 kwa upana wa sentimita 90, wanne kila upande na mmoja kila ncha, na watoto watabanana. Kuizunguka acha sentimita 90 pande zote ili mtu apite nyuma ya aliyekaa. Meza hiyo ndiyo moyo wa nyumba ya likizo. Hapo watu hunywa chai hadi saa nne asubuhi, hucheza karata mvua ikinyesha, huparua samaki, hukata maembe, hugombana na kupatana. Ikishapata nafasi yake nzuri, viti vya kupumzikia vitajipanga pembeni.

Mahali pengine padogo, penye mlango, ni lazima pawepo. Familia ikiwa pamoja siku saba inahitaji chumba cha mtu mmoja anayetaka kunyamaza. Kijichumba chenye dirisha na godoro jembamba kinatosha.

Baraza liwe na upana gani?

Mita 2.5 ukitaka watu wakae, mita 3 ukitaka wale. Chini ya mita 2 ni njia ya kupitia.

Nasema kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi, nilikubali kupunguza baraza la nyumba moja hadi mita 1.5 ili bajeti itoshe. Kwenye karatasi lilipendeza. Nilipowatembelea wenyewe mwaka uliofuata, viti vyote vya baraza vilikuwa majanini, chini ya mti, na meza ya plastiki ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa sababu ukiiweka barazani hakuna anayepita. Walikuwa wamejenga baraza la kutazamwa. Tangu hapo, bajeti ikibana, napunguza vyumba vya kulala, baraza siligusi.

Sehemu moja ya baraza izungushiwe wavu kuanzia sakafu hadi paa, na iliyobaki iachwe wazi. Jioni utajua kwa nini.

Jua na upepo vinataka nini?

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nyumbani. Usiku nchi hupoa kwanza na upepo hugeuka kuelekea ziwani. Kwa hiyo kila chumba kiwe na tundu upande wa maji na tundu upande wa pili, moja kubwa na moja dogo la juu, na hutahitaji feni siku nyingi za mwaka. Kumbuka upepo huu unapopanga mahali pa kuchomea nyama na mahali pa vyoo.

Karibu na ikweta jua la mchana liko juu, na paa lililotoka nje sentimita 90 hukinga kuta za kaskazini na kusini bila shida. Mbali na ikweta, hasa penye majira ya baridi, utataka jua la chini liingie, hivyo madirisha yaelekee upande lilipo jua hata kama ziwa liko upande mwingine. Ni mtihani wa kweli: ziwa kaskazini, jua kusini. Hapo nyumba iwe nyembamba, chumba kimoja tu kwa upana, ili vyumba vikuu vipate dirisha pande zote mbili.

Watoto waliolowa waingilie wapi?

Hili swali huulizwa na akina mama mara nyingi kuliko akina baba, na ni swali la maana kuliko la rangi ya paa.

Ifuate njia ya mtoto anayetoka majini. Ana mchanga hadi magotini, anatetemeka, anataka choo sasa hivi. Akiingilia sebuleni, sakafu imekwisha. Kwa hiyo mwekee mlango wa pembeni upande wa maji. Nje ya mlango huo pawe na bomba la kuogea na sakafu ya mawe au ya mbao zenye nafasi, maji yapite. Ndani yake chumba kidogo cha mita 2 kwa 2.5: benchi, kulabu za taulo kwa idadi ya watu wote, safu ya juu na safu ya kimo cha watoto, na choo chenye mlango wake kinachofikiwa bila kukanyaga sehemu nyingine ya nyumba. Sakafu iwe na vigae visivyoteleza, iteremke kidogo kuelekea tundu la maji. Kulabu ziachane sentimita 20 au zaidi, la sivyo taulo hukaa zimebanana na asubuhi hunuka.

Jiko liwe wapi?

Mahali ambapo mtu anayeosha vyombo anaona ufuko. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala harushi mikono. Huzama kimya, na hutokea haraka. Dirisha juu ya sinki si badala ya mtu mzima kukaa majini na watoto, lakini ni jicho moja la ziada, na halina gharama ukilipanga mapema. Kama kuna watoto wadogo, weka pia uzio wenye geti linalojifunga kati ya baraza na maji, na nafasi kati ya vijiti vya reli zote isizidi sentimita 10.

Msingi wa aina gani?

Chimba shimo la mita 1.5 hadi 2 katika msimu wa mvua, lifunike, kesho yake uangalie. Maji yakijitokeza, jibu unalo: usichimbe chumba cha chini ya ardhi, na usitandaze zege juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Nguzo zinazoshuka hadi tabaka gumu na kuinua sakafu sentimita 60 au zaidi hufaa viwanja vingi vya ziwani. Hewa hupita chini, maji ya mvua hupita bila kukwama, na siku ukilazimika kutengeneza bomba unatambaa badala ya kuvunja sakafu. Kazi ya kupima udongo mpe mhandisi. Hapo usibane fedha.

Mbao, tofali au mawe?

Vyote vinawezekana. Kinachoua nyumba ya ziwani ni unyevu usiopata njia ya kutoka. Mbao zikae sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, ncha zake zisiguse zege moja kwa moja, na nyuma ya mbao za ukutani pawe na nafasi ya hewa. Misumari na skrubu za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki nzito. Misumari ya kawaida huanza kutokwa machozi ya kutu ukutani baada ya masika mawili.

Kama hujui utumie tofali gani, jifunze kwa Alvar Aalto, msanifu wa Kifini. Kwenye nyumba yake ya majira ya joto huko Muuratsalo, kando ya Ziwa Päijänne nchini Finland, iliyojengwa miaka ya mwanzo ya 1950, alizijenga kuta za ua wa ndani kwa zaidi ya mitindo 50 ya tofali na vigae ili aone ipi itastahimili hali ya hewa. Jambo jingine la kuiga hapo ni ua wenyewe: kuta ndefu zinazokinga upepo, mahali pa moto katikati, na upande mmoja umeachwa wazi kwa ziwa. Alirudi nyuma hata yeye.

Maji taka yaende wapi?

Mbali na ziwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na kamwe si kati ya nyumba na maji kama kuna nafasi nyuma. Mita 30 ni umbali unaotajwa na kanuni za sehemu nyingi. Zako zinaweza kudai zaidi. Shimo la kunyonya likae juu ya maji ya ardhini hata katika msimu wa mvua, maana shimo lililofurika ni bomba la kupeleka kinyesi ziwani. Fosforasi inayotoka kwenye maji taka na kwenye sabuni hulisha mwani, na maji ya kijani ambayo hakuna anayetaka kuogelea humo huanza hivyo, nyumba moja baada ya nyingine.

Kosa la kawaida ni kupima tanki kwa watu 4 wa siku za kawaida. Lipime kwa wiki ya msongamano. Watu 12 wakitumia lita 120 kila mmoja ni lita 1,440 kwa siku. Maji yakitakiwa kukaa humo siku mbili ili taka zitulie, unahitaji karibu mita 3 za ujazo, bila kuhesabu nafasi ya tope. Ardhi ikiwa ya maji au ya mwamba, vyoo vya mboji, vinavyogeuza kinyesi kuwa mbolea, ni suluhisho la heshima kabisa siku hizi, mradi tundu la hewa lipande juu ya paa.

Tukate miti ili tuone ziwa?

Msikate, tafadhali. Mizizi yake ndiyo inayoshika ukingo, na majani yake ndiyo yanayochuja matope kabla hayajafika majini. Punguza matawi ya chini ya miti michache iliyo mbele ya sebule, na utapata maji yanayometa kati ya mashina, jambo linalopendeza kuliko uwanda mtupu. Ukanda wa vichaka na matete kando ya maji uachwe kama ulivyo, isipokuwa njia moja ya kupita. Na njia hiyo isishuke moja kwa moja, ipinde mara mbili tatu. Njia iliyonyooka kwenye mteremko hugeuka korongo kwa mvua chache.

Mbu na wadudu wa usiku?

Wavu kwenye kila dirisha, matundu yasizidi milimita 1.5, na mlango wa wavu unaojifunga wenyewe. Taa za nje ziwe za mwanga wa njano wenye joto, zielekee chini, ziwe mbali na milango. Taa nyeupe juu ya mlango huwaita wadudu ziwa zima kisha huwafungulia. Hakikisha gata za paa hazitunzi maji.

Gati na banda la boti?

Gati liwe jepesi, la kuelea au la vipande vinavyoondolewa, kwa sababu ya kupanda na kushuka kwa maji tulikokutaja. Vibali vyake mara nyingi ni tofauti na vya nyumba. Banda la boti lirudishwe nchi kavu, mitumbwi hubebeka. Jaketi okozi zitundikwe kwenye njia ya kwenda majini, zisifungiwe stoo.

Majirani watatusikia?

Watawasikia hata wa ng'ambo. Hewa iliyogusa maji ikiwa ya baridi kuliko iliyo juu yake, sauti hupinda na kurudi chini badala ya kupotea angani, na uso wa maji tulivu hauimezi. Mazungumzo ya baraza hufika mbali ajabu. Weka jenereta na pampu nyuma ya nyumba ndani ya kibanda chenye kuta nzito, na elekeza mahali pa muziki upande wa nchi kavu.

Nyumba ikifungwa miezi mitano tufanyeje?

Ichoreni ijitunze. Matundu ya hewa yenye wavu juu na chini ya kila kuta mbili zinazotazamana, makabati yenye milango ya mbao zenye nafasi, swichi moja ya kuzima umeme wote isipokuwa friji mkitaka, na koki moja ya kufunga maji yote. Penye baridi ya kugandisha, mabomba yote yateremke kuelekea tundu moja la kuyamwaga. Magodoro yasimamishwe ukutani. Na pawe na stoo moja yenye kufuli mlangoni mwa nyuma, ambapo anayeitunza nyumba anapata fagio bila kufungua vyumba.

Tuanzie wapi kabla ya kuonana na msanifu?

Pigeni hema kiwanjani. Laleni usiku wawili, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa mvua, pamoja na watoto na angalau mzee mmoja. Andikeni saa ambayo jua linawaumiza macho, upande unakotoka upepo unaotikisa hema, mahali mlipoweka sufuria bila kufikiri, mahali watoto walipokimbilia kwanza. Tazameni mahali mzee alipovuta kiti chake akakaa kutwa. Pigieni kigingi hapo. Mkija na ile karatasi na picha ya kile kigingi, nusu ya ramani imekwisha kuchorwa, na baraza naanza nalo hapo.